UZI: Jinsi vifaa vya kwenye boti vinavyopashana habari, na nyaya mbili ambazo redio yako ya VHF inazihitaji

#1 Fundi_wa_Gati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Naandika kwa wenye boti za uvuvi, za watalii na za kuzamia, na kwa mafundi wenzangu wa umeme wa vyombo vya majini kuanzia Lamu hadi Mtwara. Hata kama mambo ya nyaya si fani yako, vumilia ufike mwisho, maana kuna sehemu inahusu uhai wa watu.

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha vifaa vya kielektroniki kwenye boti. Kila mara napigiwa simu naambiwa GPS imekufa, otopailoti imekufa, kipima kina kimekufa, na mwenye boti ameshaanza kuulizia bei ya kipya. Ukifika unakuta kila kifaa ni kizima. Kilichokatika ni mazungumzo kati yao. GPS inajua mlipo lakini redio haijaambiwa. Sensa inapima kina lakini skrini inasikiliza kwa kasi nyingine. Mtu ananunua kifaa kipya, anakifunga palepale, nacho kinakaa kimya vilevile.

Hoja yangu ni moja: kabla hujatoa hela, sikiliza laini kwanza. Na ili uisikilize, ujue lugha inayopita humo.

NMEA 0183

NMEA ni National Marine Electronics Association, chama cha Marekani cha watu wa vifaa vya kielektroniki vya majini, kilichoanzishwa 1957. Mwaka 1983 kikatoa kiwango cha NMEA 0183 ili kifaa cha kampuni moja kielewane na cha kampuni nyingine. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado ndiyo lugha utakayoikuta kwenye boti nyingi, hasa zile zinazoletwa mtumba.

Uzuri wake ni kwamba ni maandishi matupu, ukichomeka kompyuta unayasoma kwa macho. Huu hapa mstari mmoja kama GPS inavyoutoa kila sekunde:

$GPRMC,093015,A,0630.00,S,03915.00,E,6.2,350,150725,,*1D

Alama ya dola inasema sentensi imeanza. GP ni jina la msemaji, yaani GPS. Ingekuwa SD ni kipima kina, HC ni dira ya sumaku, AI ni AIS, mfumo wa meli kujitangaza zenyewe kwa redio. RMC ni aina ya habari: mahali, mwendo na uelekeo kwa pamoja. 093015 ni saa, lakini ni saa ya dunia, kwa hiyo ongeza tatu upate 12:30, yaani saa sita na nusu mchana kwetu. A maana yake habari ni halali. Ukiona V hapo, GPS bado haijapata satelaiti za kutosha na hakuna kifaa kinachopaswa kuiamini. Kisha latitudo, longitudo, mwendo wa noti 6.2 (maili za bahari kwa saa), uelekeo wa digrii 350, na tarehe 15 Julai 2025. Baada ya nyota kuna 1D, namba ya uhakiki. Msikilizaji anazipigia hesabu herufi zote kati ya dola na nyota, na asipopata 1D sentensi nzima anaitupa. Ndiyo maana waya wenye kutu unaweza kukuletea habari zinazokatikakatika bila kukuonyesha namba ya uongo.

Kwenye latitudo ndipo wanapoteleza wengi, hata waandishi wa programu. 0630.00 ni digrii 6 na dakika 30, yaani digrii 6.5. Ukiisoma kama digrii 6.30 umeisogeza boti kaskazini kwa maili 12 za bahari. Katika Mkondo wa Zanzibar, maili 12 zinatosha kukutoa maji marefu hadi kwenye mwamba.

Mwingine huu, wa kipima kina:

$SDDPT,4.2,0.5*54

Chini ya sensa kuna mita 4.2, na sensa yenyewe iko nusu mita chini ya uso wa maji, kwa hiyo maji ni mita 4.7. Ile 0.5 ingekuwa na alama ya kutoa, ingemaanisha umbali kutoka kwenye sensa kwenda chini hadi mkuku, uti wa chini wa boti. Nahodha aliyekuzwa na bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina, anajua kipimo chake kimeanzia wapi. Anayesoma skrini lazima aulize: hiyo namba inaanzia usoni, kwenye sensa au kwenye mkuku? Skrini mbili za boti moja zikipishana nusu mita, anzia hapo kabla ya kulaumu sensa.

Nyaya zenyewe

Kasi ya kawaida ni biti 4,800 kwa sekunde. Nyaya ni mbili, A na B. Msemaji ni mmoja, wasikilizaji wanaweza kuwa kadhaa. Narudia: msemaji ni mmoja. Ukifunga GPS na kipima kina kwenye mlango uleule wa kuingilia, vyote viwili vinasema kwa pamoja na skrini haiambulii kitu. Hapo unahitaji multipleksa, kifaa kinachopokea laini kadhaa na kuzitoa kwa zamu kwenye laini moja.

A ya msemaji iende A ya msikilizaji, B iende B. Ukizigeuza unapata kimya au takataka. Rangi hazina makubaliano kati ya watengenezaji, kwa hiyo fungua kitabu cha kifaa, usifunge kwa rangi.

Vifaa vya zamani vina waya mmoja tu wa data, na njia ya kurudi ni hasi ya betri. Msemaji mpya akikutana na msikilizaji wa namna hiyo, A ya msemaji iende kwenye data, hasi za vifaa viwili ziunganishwe, na B ya msemaji iachwe peke yake, ncha ikiwa imefunikwa vizuri. Usiifunge kwenye hasi, unaweza kuunguza saketi ya kutolea.

AIS ina kasi yake, biti 38,400 kwa sekunde, na sentensi zake zinaanza na alama ya mshangao badala ya dola. Ukiunga AIS kwenye skrini na usione meli hata moja wakati meli ziko mbele ya macho yako, nenda kwenye mipangilio ya mlango huo. Mara nyingi utakuta umeachwa kwenye 4,800.

Kupima ni rahisi. Weka mita kwenye volti DC kati ya A na B ya msemaji. Laini hai haitulii, namba inacheza kila sentensi inapotoka. Laini iliyokufa inaganda palepale. Ukitaka kusoma maneno yenyewe, tafuta adapta ya RS-422 (aina ya laini hii ya A na B) kwenda USB na uweke OpenCPN kwenye kompyuta. Ni programu ya bure ya ramani za bahari, na ina dirisha linaloonyesha sentensi zinavyoingia moja baada ya nyingine.

Sehemu ya uhai

Redio nyingi za VHF za kufunga kwenye boti zina kitufe chekundu chini ya kifuniko kidogo. Ukikishikilia, redio inatuma wito wa dharura wa kidijitali, DSC, kwenye chaneli 70. Wito huo unabeba namba ya utambulisho ya boti (MMSI), saa, na mahali mlipo, endapo redio inapajua. Meli za mizigo za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zinatakiwa kusikiliza chaneli 70 muda wote zikiwa baharini. Huo ni mfumo wa GMDSS, mfumo wa dunia wa dharura na usalama baharini, ulioanza kutumika kikamilifu 1 Februari 1999. Kwa hiyo meli ya makontena inayoingia Kilindini au Dar ina mashine inayokusikiliza, na ikikusikia inapiga kengele, hata kama afisa wa zamu hakuwa na sikio kwenye redio dakika ile.

Sasa nafungua paneli boti baada ya boti. Redio nzuri yenye DSC, GPS nzuri hata mita moja haifiki kutoka ilipo redio, na katikati hakuna kitu. Nyuma ya redio nyaya za data bado zimekunjwa na kufungwa kwa kile kiuzi cha kiwandani, ncha hazijawahi kumenywa. Mwenye boti amelipa gharama yote ya kuokolewa, kasoro kazi ya nusu saa.

Boti inaingia maji usiku, upepo wa kusi unavuma, nahodha anabonyeza kitufe chekundu, na wito unatoka ukisema "tuko hatarini" bila kusema wapi. Anayetafuta anaanza na bahari nzima. Wito ukibeba mahali, anaanza na duara dogo. Mimi jambo hili linaniuma kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Funga nyaya mbili: kutoka kwa GPS zinapotoka sentensi, kwenda redio zinapoingia. Washa vyote viwili, subiri kidogo, na mahali mlipo patatokea kwenye skrini ya redio. Pasipotokea, rudi juu usome tena kuhusu A, B na kasi.

Jambo la pili, MMSI. Ni namba ya tarakimu tisa. Tanzania inaanza na 674 au 677, Kenya 634. Bila kuiingiza, redio nyingi hazitatuma wito wa DSC kabisa. Unaiomba kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, usijitungie. Na andika kwa uangalifu, maana redio nyingi zinakuruhusu kuiingiza mara moja au mbili tu, baada ya hapo inajifunga.

NMEA 2000, mdogo wake 0183 wa kwenye boti mpya, nitakuja kuieleza.

#2 Nahodha_Chole

Fundi, asante kwa madini. Mimi niko Mafia, boti ya uvuvi, redio ninayo ya aina hiyohiyo lakini GPS ni ya mkononi. Nifanyeje?

#3 Fundi_wa_Gati

Nahodha, shikamoo, nakuheshimu kwa kuuliza. Njia ziko tatu. Kwanza, baadhi ya GPS za mkononi zina mlango wa kutolea NMEA 0183 kwa kebo yake maalumu, angalia kitabu chake. Pili, kuna redio za VHF zenye GPS ndani. Kama redio yako imechoka na unafikiria kununua, nunua ya namna hiyo na suala la nyaya linaisha.

Tatu, redio inakuruhusu kuandika mahali kwa mkono. Ni bora kuliko kukosa kabisa, ila mahali ulipoandika asubuhi panachakaa kadiri boti inavyokwenda. Redio yenyewe itaanza kukukumbusha baada ya muda wa saa nne uandike upya, na usipogusa, baada ya saa 23 na nusu inafuta. Ukitumia njia hii, iwe desturi: kila mkibadilisha eneo la kutega, mtu mmoja anaandika upya.

#4 Nahodha_Chole

Marahaba mwanangu. Hiyo ya tatu naanza nayo leo hii wakati natafuta hela ya redio.

#5 Kilindini_Sparks

Fundi, hapa Mombasa nakubaliana na wewe kwa boti za zamani. Lakini boti za kuvua samaki kwa michezo kule Watamu na Malindi, injini mpya na skrini mpya zote zinakuja na NMEA 2000. Mafundi wengi wa umeme wa nyumba wanaitiwa kazi hiyo na wanaikata kata kama kebo ya taa. Tupe somo.

#6 Fundi_wa_Gati

Naam Sparks, hapo umegusa.

NMEA 2000 ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na imejengwa juu ya CAN, mfumo ambao Bosch ya Ujerumani iliutambulisha 1986 kwa ajili ya magari. Kwa hiyo fundi umeme wa magari anayejua CAN ana mwanzo mzuri kuliko fundi wa nyumba. Hakuna tena msemaji mmoja na wasikilizaji wake. Vifaa vyote viko kwenye kebo kuu moja, kila kimoja kinasema, na vyote vinasikia. Kasi ni biti 250,000 kwa sekunde, kama mara 52 ya 0183.

Ndani ya kebo kuna nyaya tano. Nyekundu na nyeusi ni umeme wa volti 12, nyeupe na bluu ni data, wa tano ni wa utando wa kinga. Hizi rangi zimewekwa na kiwango chenyewe, tofauti na 0183.

Kebo kuu ni mstari mmoja wenye mwanzo na mwisho. Kila kifaa kinatoka kwenye tii yake, kiungo cha umbo la T, kwa kebo ya tawi isiyozidi mita 6. Kebo kuu ile nyembamba isizidi mita 100, na vifaa visizidi 50. Kwenye kila ncha ya kebo kuu kuna terminata, kizibo chenye rizista ya omu 120. Ziwe mbili kamili.

Mtu akikata kebo kuu na kuunganisha tawi kwa kusokota nyaya na kufunga kwa tepu, ameharibu kitu ambacho hakitajionyesha siku hiyo. Mtandao unaweza kwenda vizuri gatini ukiwa na vifaa vitatu, halafu ukaanza kupotezapoteza habari baharini kilipoongezwa cha nne, na chumvi ikiingia kwenye ile tepu unaanza kuona kutu ya kijani ndani ya shaba. Nunua tii. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na skrini.

Kipimo cha kwanza kabisa ninachofanya kwenye boti yoyote ya NMEA 2000: nazima umeme wa mtandao, napima omu kati ya nyeupe na bluu. Ikija 60, terminata mbili zipo na kebo ni nzima. Ikija 120, moja haipo au kebo imekatika njiani. Ikija 40, kuna mtu ameongeza ya tatu. Kabla hujamtafuta huyo mtu, kagua sensa ya upepo juu ya mlingoti, baadhi zina terminata ndani yake.

Umeme uingie kwa tii yake maalumu, kupitia fyuzi, karibu na katikati ya kebo kuu. Vifaa vinahitaji volti 9 hadi 16. Ukiuchukua umeme huu pamoja na wa stata, ukiwasha injini volti inaanguka, vifaa vinajizima na kuwaka upya, na skrini inakumwagia maonyo ya kila aina kwa wakati mmoja. Nimeona watu wakibadilisha skrini kwa ajili ya tatizo la betri.

Habari zenyewe hazisomeki kwa macho. Kila aina ina namba yake, PGN. 129025 ni mahali, 128267 ni kina, 130306 ni upepo, 127488 ni mizunguko ya injini. Kifurushi kimoja kinabeba baiti 8 tu, na napenda jinsi walivyobana ile 129025: baiti 4 za latitudo, baiti 4 za longitudo, imejaa, haina nafasi ya herufi hata moja zaidi. Hatua moja ni sehemu ya milioni kumi ya digrii, kama sentimita moja hivi. Inatumwa mara 10 kwa sekunde. Ndiyo maana boti kwenye skrini mpya inateleza vizuri, na kwenye skrini ya 0183 inarukaruka kila sekunde.

#7 Mwanachuo_wa_Majini

Samahani mkuu, kama vyote vinasema kwenye nyaya zilezile mbili, kwa nini havigongani? Kwenye 0183 umesema wasemaji wawili wanaharibiana.

#8 Fundi_wa_Gati

Swali zuri sana. Kila kifurushi kinaanza na namba ya utambulisho, na mwanzoni mwa namba hiyo kuna daraja la umuhimu. Kifaa kinapotuma kinasikiliza laini hapohapo. Kwenye CAN, sifuri inaishinda moja. Vifaa viwili vikianza kwa pamoja, vinaendelea sawasawa hadi kimoja kitume moja na kusikia sifuri. Hapo kinajua kuna mwenye namba ndogo kuliko yake, yaani mwenye habari ya haraka zaidi, kinaacha, kinasubiri, kisha kinajaribu tena. Ni kama barazani: mzee akifungua mdomo kijana anameza lake, mzee akimaliza kijana anaendelea. Na cha maana zaidi, habari iliyoshinda haikuharibika hata biti moja. Katika 0183 hakuna utaratibu huo kabisa, msemaji hata hajui kama kuna mwingine.

Anwani pia vinagawana vyenyewe. Kifaa kikiwashwa kinadai anwani, na kikikuta ina mwenyewe mwenye haki zaidi kinatafuta nyingine. Ndiyo maana huna haja ya kupanga chochote, unachomeka tu.

#9 Bin_Sur

Assalaam alaykum. Niko Muscat, nafanya kazi kwenye marina, mashua za tanga za kizungu nyingi za zamani. Niongeze moja: kuna SeaTalk, lugha ya Autohelm, baadaye Raymarine. Nyaya tatu, na wa njano ndio data. Kasi yake ni 4,800 kama 0183, basi watu wanaona 4,800 wanaunga moja kwa moja. Haiwezekani, muundo wa biti ni tofauti, unahitaji kigeuzi. Wala isichanganywe na SeaTalkng, hiyo ni NMEA 2000 yenye viunganishi vya umbo lao.

Na fundi, kwa heshima, mimi siko na wale wanaosema 0183 itupwe. Laini moja kutoka GPS kwenda redio haitegemei kitu kingine. Kebo kuu ya NMEA 2000 ikipata hitilafu, kina, upepo, mahali na otopailoti vyote vinapotea kwa pamoja.

#10 Fundi_wa_Gati

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nakubaliana nawe kabisa, na ndivyo ninavyofunga. Hata boti iwe na NMEA 2000 yote, kama redio ina milango yote miwili, mahali pa redio napeleka kwa laini yake ya 0183 kutoka kwenye GPS yenye fyuzi yake. Mtandao mkuu uanguke, kitufe chekundu kibaki na habari zake.

Kwa wanaochanganya lugha mbili: getiwei ya 0183 kwenda 2000, yaani kifaa cha kutafsiri kati yao, ipo, inafanya kazi vizuri, ila angalia usitengeneze mzunguko. GPS inaingia NMEA 2000, getiwei inaitoa kwa 0183 kwenda skrini ya zamani, na skrini ya zamani inairudisha kwa getiwei kama habari mpya. Sasa mtandao una "GPS mbili", moja ni mwangwi uliochelewa, na boti kwenye ramani inaruka mbele na nyuma. Zima sentensi za mahali kwenye njia ya kurudi.

#11 Mama_Pomboo

Habari zenu. Tuna boti ya kupeleka wageni kuangalia pomboo Kizimkazi, injini mbili mpya za nje. Kwenye skrini mizunguko inaruka, mara 900, mara 3,000, mara 900, na injini moja tu ndiyo inaonekana. Tuliambiwa kompyuta ya injini imeharibika na bei tuliyotajiwa inatisha.

#12 Fundi_wa_Gati

Dada, subiri, usilipe chochote. Kila injini inajitambulisha kwa namba. Kwa kawaida 0 ni ya kushoto, 1 ni ya kulia. Injini zako zote mbili zinajiita 0. Skrini inadhani ni injini moja inayobadilisha mawazo: inasoma ya kushoto ikiwa taratibu, kisha ya kulia ikiwa imekazwa. Jaribu hivi mkiwa mmefunga nanga: washa ya kushoto peke yake, skrini ionyeshe namba iliyotulia. Izime, washa ya kulia peke yake, itulie pia mahali palepale. Ikiwa hivyo, kompyuta zote mbili ni nzima. Aliyezifunga aingie kwenye mipangilio ya geji au ya adapta ya injini ya kulia aifanye kuwa 1.

#13 Mama_Pomboo

Tumejaribu asubuhi hii kabla ya wageni, ni hivyohivyo ulivyosema, kila moja peke yake imetulia. Fundi anakuja kesho kubadilisha namba. Ahsante sana kaka, Mungu akuzidishie.

#14 Kilindini_Sparks

GPS yangu ya zamani mahali inaonyesha sawa, ila tarehe iko karibu miaka 20 nyuma. Hiyo nayo ni nyaya?

#15 Fundi_wa_Gati

Hapana, hiyo si nyaya. Satelaiti za GPS zinahesabu wiki hadi 1,024 kisha zinaanza sifuri, na mzunguko wa karibuni uligeuka 6 Aprili 2019. Kipokezi ambacho programu yake haikuandaliwa kinadhani tumerudi nyuma wiki 1,024. Mahali pako sawa, lakini kifaa chochote kinachotumia tarehe hiyo, kama kumbukumbu za safari au hesabu ya maji kujaa na kupwa, kitakudanganya. Kwenye kina kifupi, jedwali la maji la tarehe ya uongo ni hatari kuliko kukosa jedwali. Tafuta programu mpya ya kipokezi, na kama haipo, usikitumie kwa hesabu ya maji kujaa na kupwa.

#16 Mwanachuo_wa_Majini

Mkuu, nataka kujifunza kwa vitendo ila sina hela ya vifaa. Naanzia wapi?

#17 Fundi_wa_Gati

Anza na OpenCPN na moduli yoyote ndogo ya GPS ya USB. Nyingi zinatoa sentensi zilezile nilizoandika juu. Andika programu fupi ikokotoe namba ya uhakiki kwa ile sentensi ya RMC, ukipata 1D umeelewa. Kisha sogea kwenye Signal K. Ni mfumo huria, bure, unaokaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, unapokea 0183 na, kwa adapta ya CAN, NMEA 2000, na kuzigeuza ziwe data unayoweza kuisoma kwenye simu kupitia Wi-Fi ya boti.

Hapa niseme ninavyoona. Kitabu cha kiwango cha NMEA 2000 kinauzwa, na mwanafunzi wa kwetu hawezi kukigusa. Tunachojua bure kuhusu PGN nyingi kimetokana na watu wa mradi wa canboat waliokaa wakichambua data kwenye laini, namba baada ya namba. Lugha inayobeba habari za usalama wa baharia ingefaa isomwe na baharia yeyote. Hadi hapo, canboat na Signal K ndiyo shule yetu, na ukigundua kitu, kiandike mahali wenzako watakiona.

Na ujue udhaifu wake tangu mwanzo: NMEA 2000 haina njia ya kuthibitisha nani anasema. Kifaa chochote kilichochomekwa kwenye tii kinaaminiwa. Ukiunga mtandao wa boti na Wi-Fi, weka nenosiri la maana, na fanya njia ya Wi-Fi iwe ya kusoma tu.

#18 Nahodha_Chole

Mwanangu, nimerudi. Nimeandika mahali kwa mkono, MMSI ninayo tangu zamani. Sasa vijana wangu wanataka tubonyeze kile chekundu tuone kama kinafanya kazi.

#19 Fundi_wa_Gati

Hapana nahodha, wakatazeni kabisa. Huo ni wito wa kweli, kila meli iliyo karibu itapiga kengele na watu wataanza kuwatafuta. Kwenye menyu ya DSC tafuta wito wa majaribio, kwa redio nyingi upo. Unaingiza MMSI ya boti ya rafiki yako aliye karibu, unatuma, redio yake inajibu. Hakuna kengele ya dharura inayolia popote, nawe umejua kwamba DSC yako inatoka na inasikika.

Na ikitokea mtoto ameshika kitufe kwa bahati mbaya, msiizime redio mkakaa kimya kwa hofu. Futeni wito kwenye menyu kama redio inaruhusu, kisha nendeni chaneli 16, ile ya wito wa dharura kwa sauti, mtaje jina la boti na MMSI, mseme wazi kwamba wito ulikuwa wa makosa na mko salama. Rudieni hadi mjibiwe.

#20 Nahodha_Chole

Nimeelewa. Mwenzangu wa Kilindoni ana redio ya namna hii, jioni maji yakijaa tunajaribu naye.